Nani Atampa Mbwa Huyu Dawa Saa Moja Jioni?

Ukiona tangazo la mbwa aliyeokolewa mtaani, ana kifafa na anatafutiwa nyumba, najua utakachofanya. Utaandika "woiye", utamshea, uendelee na yako. Mwingine atasema, "Huyo ana kichaa, mmalize."

Sikiza. Kichaa cha mbwa ni virusi, na dalili zikishaanza mbwa haponi. Kifafa hakiambukizi. Mbwa huanguka, hutetemeka, povu humtoka, kisha huamka akiwa amechanganyikiwa. Usimtie kitu mdomoni. Sogeza viti, hesabu dakika. Zikifika tano, mpigie daktari wa mifugo.

Dawa yake mara nyingi ni fenobabitali, ileile wanayopewa watu. Ni kila baada ya saa 12, kwa kawaida maisha yake yote, na ukikatiza ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Sasa wewe wa bedsita, unayeenda ushago Desemba nzima, dozi ya jioni atapewa na nani? Landilodi anajua?

Wanaonikera zaidi ni wanaoficha ugonjwa ndiyo mbwa achukuliwe haraka. Siku akianguka sebuleni, atarudishwa, au atatupwa tena barabarani. Semeni ukweli, hata kama mtangoja miezi.

Mimi ningempa mama mboga anayefungua kibanda saa kumi na mbili kila asubuhi kabla ya jamaa wa Karen mwenye nyasi kubwa na safari tatu kwa mwezi. Nyasi haipeani dawa, buda.

Kama bado unamtaka, uliza bei ya dawa na damu yake itapimwa lini, maana dawa hiyo inaweza kuumiza ini.