Mpira wa mafuta wa pikipiki kuukuu: nani anachagua, nani analipa

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakishatangaza bei kikomo za mafuta, simu za kipindi chetu cha asubuhi hujaa madereva wa bodaboda. Wanazungumzia bei imepanda shilingi ngapi, kijiwe kipi kimeongeza nauli, na kijiji gani petroli ya kwenye chupa inauzwa kwa bei isiyogusika. Siku hizi kuna jambo jingine linalochomekwa mwishoni mwa simu, kama nyongeza tu: pikipiki inanuka petroli, injini inalowa upande wa kabureta, fundi amebadilisha mpira wa mafuta na baada ya wiki chache umekauka tena. Halafu linakuja swali: tununue mpira upi?

Tumeamua kulijibu kwa maandishi kwa sababu hewani dakika tatu hazitoshi, na kwa sababu jibu lake halipo kwa fundi peke yake.

Tuanze na umri wa pikipiki zenyewe. Kanuni zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo hapa Tanzania zilitoka mwaka 2010, na miaka iliyofuata vijiwe viliota kila njia panda. Pikipiki za wakati ule ambazo bado zinatembea zimevuka miaka kumi. Zimeshauzwa mara mbili au tatu, kutoka mjini Mbeya kwenda Vwawa, kutoka Vwawa kwenda kijijini, na kila aliyeuza aliuza ikiwa na mpira ule ule au na kiraka alichokiweka mwenyewe. Nyingi ni za Kichina zilizofuata muundo wa injini ya Honda CG125, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1976. Mfumo wake ni rahisi: tangi lipo juu, koki ipo chini ya tangi, kabureta ipo chini ya koki, na petroli inashuka kwa uzito wake. Kati ya koki na kabureta kuna kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja au viwili. Ndicho tunachokizungumzia.

Kipande hicho kinakaa pabaya. Kwa ndani kinalowa petroli usiku na mchana, na kwa nje kinapigwa na joto la silinda, vumbi na jua. Mpira mzuri uliotengenezwa kwa ajili ya petroli hustahimili hayo kwa miaka, lakini nao huchoka. Dalili zake huhitaji kuambiwa na mtu: ukiukunja unaonyesha nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino cha kiangazi, ukiubonyeza hauingii, au umekuwa mlaini na kuvimba mdomoni pale unapoingia kwenye koki. Ukiona hata moja kati ya hizo, usisubiri uvuje.

Sasa twende dukani, maana ndipo tatizo linapozaliwa. Fika kwenye duka la spea la kawaida uulize mpira wa mafuta. Mara nyingi utakatiwa kipande kutoka kwenye mkunjo uliotundikwa ukutani, mweupe unaoonyesha ndani, hauna maandishi yoyote. Ni wa bei ndogo, ni mlaini, unaingia kwa urahisi, na dereva anaupenda kwa sababu anaona petroli ikipita. Shida ni kwamba mipira mingi ya namna hiyo ni plastiki ya kawaida ya kupitishia maji. Plastiki hiyo imelainishwa kwa kemikali, na petroli huzinyonya kemikali hizo kidogo kidogo. Baada ya muda mpira unageuka njano, unakuwa mgumu kama mrija wa kalamu, unapungua, na unaanza kuchomoka mdomoni. Haukupasuka kwa bahati mbaya. Ulikuwa unaelekea huko tangu siku ulipofungwa.

Ipo mipira ya kuonyesha ndani iliyotengenezwa kwa petroli kweli, hatukatai. Lakini ikiwa haina maandishi hutaitofautisha kwa macho, na muuzaji naye mara nyingi hajui. Kwa hiyo ushauri wetu ni mkali kidogo: mpira usio na maandishi, usiununue kwa kazi ya petroli, hata kama fundi wako anauapia.

Wapo pia wanaofunga mrija wa dripu ya hospitali. Huo ni plastiki ile ile, tena mwembamba zaidi. Mpira wa rejeta ya gari nao haufai, ingawa ni mweusi na unaonekana wa kiume. Umetengenezwa kustahimili maji ya moto, na petroli huuvimbisha. Mpira wa silikoni wa rangi rangi unaosifiwa mjini una tabia hiyo hiyo.

Unachotafuta ni mpira mweusi wa petroli, ambao mara nyingi una nyuzi zilizofumwa katikati ya tabaka mbili. Tazama ubavuni: kwa kawaida kuna maandishi ya kuonyesha ni wa mafuta, na kipimo cha tundu kwa milimita. Ukikuta herufi NBR, huo ni mpira wa nitrili, unaoelewana na petroli. Ukikuta SAE J30 ikifuatiwa na R6 au R7, umepata wa daraja linalotosha kabisa kwa pikipiki ya kabureta. R9 ni wa daraja la juu, na wa bei ya juu pia. Huo unatakiwa hasa kwenye vyombo vinavyosukuma petroli kwa pampu yenye presha. Pikipiki yako kuukuu haina pampu hiyo. Wasikilizaji wetu wa Kyela wanaovuka Kasumulu kwenda Malawi na kujaza mafuta huko wana sababu ya kuufikiria, kwa kuwa Malawi imekuwa ikichanganya petroli na spiriti ya miwa tangu mwaka 1982, na spiriti hiyo huisumbua mipira ya zamani kuliko petroli tupu.

Kipimo ni jambo ambalo watu hulidharau. Pikipiki nyingi ndogo hutumia tundu la milimita 5 au 6, na tofauti ya milimita moja inatosha kukuharibia kazi. Mpira mwembamba ukilazimishwa kwenye mdomo mpana hupasuka pale pale unapotanuka, baada ya siku kadhaa. Mpana kupita kiasi huvuja hata ukiubana vipi. Usikisie kwa jicho. Nenda na kipande cha mpira wa zamani, lakini pima sehemu ya katikati, si mwisho uliotanuka. Au muulize fundi seremala akupe biti zake za drili: ile inayolingana na mdomo wa koki ndiyo kipimo chako, maana imeandikwa namba.

Kama una wasiwasi na mpira ulioletewa, kuna jaribio la kijijini lisilo na gharama. Kata kipande cha urefu wa kidole kwenye mpira huo, kitumbukize katika kopo la glasi lenye petroli kidogo na mfuniko, uliweke nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto, mpaka kesho. Kikitoka kimevimba wazi wazi, kinanata, au kimeipaka petroli rangi, umeshajua. Kiache kikauke siku nzima pia, kwa sababu plastiki ya maji hufichua tabia yake ikikauka: inakuwa ngumu kama mfupa.

Hapa ndipo tunataka kusema neno ambalo matajiri wa pikipiki hawatalifurahia. Katika vijiwe vyetu dereva wa hesabu hupeleka fedha kwa tajiri kila jioni, na kwa mazoea matengenezo madogo ni juu ya dereva, makubwa ni juu ya tajiri. Mpira wa mafuta umewekwa kwenye madogo. Kwa hiyo anayeuchagua ni kijana ambaye pikipiki si yake, ambaye anaweza kunyang'anywa wiki ijayo, na ambaye jioni ile anatafuta hesabu itimie. Atanunua upi? Wa bei ndogo, bila shaka, na hatuwezi kumlaumu. Lakini pikipiki ikiungua, hasara ni ya tajiri. Na wengi wao wana bima ndogo, ambayo hulipa madhara aliyopata mtu mwingine. Chuma chako kilichoungua hakilipi. Kipande cha mpira kinastahili kuhesabiwa pamoja na tairi na cheni katika makubaliano, kilipiwe na mwenye mali, na dereva wa mkataba naye akabidhiwe pikipiki ikiwa na mpira mpya.

Je, wakaguzi hawaoni? Askari wa barabarani hutazama taa, tairi, kofia ngumu, leseni na bima. Kuinama chini ya tangi la kila pikipiki kijijini si jambo linalowezekana, na hatulitarajii. TBS wana mamlaka ya kuondoa sokoni bidhaa isiyo na ubora, ila mpira wa maji dukani hauna kosa lolote. Ni halali kabisa kwa maji. Kosa linatokea unapokatwa na kuuzwa kama wa petroli, jambo linalofanyika kwa maneno ya mdomo bila risiti. Ndiyo maana sisi tunaona vyama vya bodaboda vina nguvu kuliko mkaguzi katika hili. Kijiwe chenye pikipiki ishirini kikichanga na kuagiza mkunjo mmoja wenye maandishi kutoka mjini, kila mmoja anapata kipande chake kwa bei nafuu kuliko kununua nusu mita peke yake, na duka la kijijini litaanza kuleta unaoulizwa.

Kuhusu kufunga, subiri injini ipoe kabisa, funga koki, zima swichi, na fanya kazi nje. Usimulike kwa koroboi wala kiberiti. Tochi ya simu inatosha. Urefu uwe sawa na wa zamani, mpira ushuke moja kwa moja bila kujikunja wala kupanda mgongo katikati, na usiguse silinda wala ekzosi. Mdomoni weka klipu halisi. Waya wa kufungia nondo ambao mafundi wengi wanaupenda hukata mpira taratibu kama kisu butu. Baadhi ya pikipiki za zamani zina mrija wa pili mwembamba kutoka kwenye koki kwenda kwenye injini, wa kufungua koki kwa mvuto wa hewa. Badilisha na huo siku hiyo hiyo. Halafu fungua koki, ngoja robo saa, pitisha kitambaa kikavu kwenye maungio. Kama mpira ni mzima na petroli bado inatiririka kutoka chini ya kabureta, tatizo ni boya au sindano yake ndani ya kabureta, na mpira mwingine hautasaidia.

Wapo wanaosema tone moja moja si kitu. Tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, na kwa bei za sasa hiyo ni fedha. Lakini kinachotutisha zaidi ni mvuke, ambao hauonekani na hutambaa chini. Pikipiki nyingi vijijini hulala ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi, chumba kimoja na jiko la mkaa au pazia la kulala watoto. Tuliona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli iliyomwagika ilivyoondoka na watu zaidi ya 100. Lita tano za tangi lako hazifanani na lori, ila chumba chako nacho hakifanani na uwanja wa wazi. Ukinusa petroli usiku, toa pikipiki nje kwa kuisukuma, usiwashe chochote, fungua milango. Na kama moto umeshashika, usimwage maji, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusambaa. Tumia mchanga mwingi au kizimamoto cha unga. Debe la mchanga kavu karibu na mahali inapolala pikipiki halina bei.