Ukimya Si Jibu

Makamanda, hapa Sinza ukimuuliza kijana aliyeomba ufadhili wa kusoma nje amefikia wapi, atakwambia, "Bado nasubiri." Mimi mwenyewe nasubiri. Nimelipa 150,000 ya pasipoti, kila siku najiunga bando nifungue barua pepe. Mwezi wa tano huu, ofisi ya umma iliyopokea maombi yangu haijasema nimepata wala nimekosa.

Kukosa siyo tatizo. Nafasi chache, waombaji kibao. Tatizo ni kutojua nafasi zilikuwa ngapi na watu wamepimwaje. Ofisi ikinyamaza, kijiweni tunajijibu wenyewe: "Lazima uwe na mjomba." Na kijana anayeamini hivyo, mwakani haombi tena.

Hasara ni ya nchi nzima. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi 1952, na 1954 ikazaliwa TANU. Hebu fikiria angeambiwa asubiri tu!

Sasa tusikae kulalamika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu kwa maandishi mwananchi aliyeomba taarifa, ndani ya siku 30. Andika barua. Uliza idadi ya nafasi, vigezo na tarehe ya majibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua moja wataitupa kapuni; mia moja kutoka Sinza, Manzese na Temeke, watazijibu.

Tuanze Jumatatu.