Tuwanusuru Chungu wa Dodoma

Tangu kuzinduliwa mwaka 2017 kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, miche mingi imepandwa kando ya barabara na katika viwanja vya ofisi, na kazi hiyo yastahili shukrani. Walakini yuko mtumishi tuliyemsahau, aliyekuwa akieneza mimea katika nyika ya Ugogo kabla mji haujawa mji, naye ni chungu.

Utazame mnyonyo, uotao wenyewe pembezoni mwa mashamba na katika mahame. Tunda lake likikauka kwa jua la kiangazi hupasuka na kurusha mbegu hatua chache tu. Lakini kwenye ncha ya kila mbegu pana kinundu chenye mafuta, nacho ndicho ijara ya hamali. Chungu huikamata mbegu kwa kinundu hicho, wakaiburura mpaka shimoni, wakakila wao na majana wao; kisha mbegu yenyewe, ambayo kwa ugumu wa gamba lake huzishinda taya zao, huitupa jalalani mwao, penye udongo uliorutubika kwa taka. Hapo aghalabu husalimika na panya, na ikifukiwa husalimika na moto pia. Wataalamu wamekadiria kuwa aina 11,000 za mimea duniani, au zaidi, huenezwa hivyo.

Wako, ni kweli, chungu wavunao nafaka, na mkulima wa Bahi au Kongwa ana haki ya kuulinda mtama wake. Lakini kuwaangamiza chungu wote bila kubagua kuna gharama. Katika Rasi ya Afrika Kusini, watafiti Bond na Slingsby walibainisha mwaka 1984 kwamba pale chungu wageni kutoka Argentina walipowafukuza wenyeji, mbegu za aina moja ya kichaka zilibaki juu ya ardhi zikaliwa, hata baada ya moto haikuchomoza hata mbegu moja katika kila 100, ilhali penye chungu wa asili zilichomoza 35.

Na huko Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 katika ardhi iliyoliwa na makorongo, nyasi na vichaka vilirudi kwa wingi pasipo kupandwa na mtu. Ardhi ina watumishi wake, iwapo tutawaachia nafasi.

Kwa hiyo nawasihi maafisa wa misitu, walimu na wenye viwanja: msimwage sumu katika kila shimo la chungu mlionalo, wala msichome vichaka kila kiangazi, na katika kila kiwanja mbakishe ukingo mmoja usiolimwa wala kunyunyiziwa dawa, mimea ya asili ijiotee.