Darasa Lililonyamaza

Mzazi apitaye karibu na darasa la watoto na kulikuta kimya husifu, akisema mwalimu wa hapo ana nidhamu. Inafaa aulize kwanza kimya hicho kimeletwa na nini. Yupo mtoto anyamazaye kwa kuwa ameshughulika na hesabu yake, na yupo anyamazaye kwa kuwa fimbo imelala mezani. Kwa mpita njia wote wawili ni sawa. Huyu wa pili hufika darasa la sita akisoma kwa kubabaisha, na miaka yote hiyo hakuwahi kunyoosha mkono kusema hakuelewa.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), aliandika katika Muqaddimah mlango mahsusi juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Kwa maelezo yake, mtoto alelewaye kwa kulazimishwa nafsi yake hubanika, uchangamfu humtoka, uvivu humwingia, kisha hujizoesha uongo na kujionyesha asivyo, apate kuepuka mkono wa mkubwa wake. Hili la uongo ndilo zito kwetu. Tunampeleka mtoto shule na madrasa apate adabu, naye anarudi na hila: kazi imenakiliwa kwa jirani, na tumbo linamuuma kila siku ya jaribio.

Imam Muslim amepokea hadithi ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (r.a.), aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu walimkazia macho na kupiga mapaja yao ili anyamaze. Swala ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana, alimfahamisha tu yanayofaa ndani ya swala. Aliyetusimulia kisa hicho ni mkosaji mwenyewe, naye akashuhudia kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla yake wala baada yake.

Atatokea wa kusema: huyo alikuwa mtu mmoja, tena mzima, mwalimu wetu ana watoto themanini chumbani. Hoja hii haipuuzwi. Kiwango cha Serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 shule nyingi zimekipita mbali. Hata hivyo, mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza kuwa namna ya kukaripia haikuwa ndiyo iliyowatenga walimu wenye madarasa tulivu na wenzao. Waliofaulu walijulikana na watoto kuwa wanaona kila pembe ya chumba, na walihama kutoka shughuli moja hadi nyingine bila kuacha pengo. Kelele huzaliwa katika pengo hilo, hasa nyuma, wanakokaa wasiokumbukwa. Basi zoezi na liwe ubaoni kabla watoto hawajaingia, madaftari yagawiwe na viongozi wa safu, na walio nyuma waletwe mbele kila wiki. Hayo hayangoji bajeti.

Lawama zote hatuwezi kumtupia mwalimu. Wapo wazazi wamfuatao shuleni wakimwambia amchape mtoto wala asimwonee huruma, ilhali kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu peke yake, au aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena kwa viboko visivyozidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mzazi hana mamlaka ya kuvunja kanuni hiyo kwa niaba ya mwanawe.

Nao wazazi wengine hawafiki shuleni ila matokeo yatokapo, na swali lao ni moja tu: amekuwa wa ngapi? Aende katikati ya muhula, baba au mama, amuulize mwalimu kwa upole kama mwanawe huuliza maswali darasani, na mara ya mwisho aliuliza nini. Mwalimu akishindwa kukumbuka, wakae wote wawili wamwite mtoto, wamsikilize.