Mchezo Nao Una Kazi Yake

Machungwa ya shamba letu dogo la Muheza yalipopata mnunuzi, nilikuwa na jambo moja tu la kufanya na fedha ile: kumnunulia mjukuu wangu kompyuta mpakato ya kwenda nayo chuoni. Alikuwa amechaguliwa kusomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, nami nilimwahidi tangu yuko kidato cha tano. Sikudhani kwamba ahadi ya babu kwa mjukuu ingeitisha kikao cha ukoo. Lakini ilikiitisha, na chanzo chake kilikuwa kipande cha karatasi.

Nilikuwa nimemwambia, "Mke wangu, mimi mashine hizi sizijui. Niandikie unachotaka." Akaandika mistari mitatu. Kwanza, iwe ndogo na nyepesi, ya kubebeka mgongoni. Pili, iwe na nguvu za kuchorea majengo. Tatu, iweze kucheza magemu. Mistari miwili ya kwanza haikumkera mtu. Wa tatu ukawasha moto.

Mdogo wangu aliisoma karatasi ile barazani kwangu hapa Ngamiani, akavua miwani. "Kaka, machungwa ya marehemu baba yanakwenda kununua mchezo?" Shemeji yangu akadakia kwamba mtoto wa kike mwenye kupenda magemu hawezi kumaliza chuo. Wa tatu, mwalimu mstaafu kama mimi, akatoa shauri lililoonekana la hekima: tununue kompyuta ya mtumba, kubwa, ya bei ndogo, "ya kazi tu", na fedha itakayobaki tuezekee banda la uani.

Siku ile sikuwajibu. Nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza mbele. Leo nawajibu, wao na wazee wote wa rika langu ambao wakisikia neno mchezo hushika fimbo.

Jibu la kwanza ni la ufundi. Ndugu zangu, hakuna mashine ya usanifu majengo iliyo "ya kazi tu". Mwanafunzi wa leo hachori kwa penseli na rula peke yake. Huisimamisha nyumba nzima ndani ya kompyuta, akaizungusha, akaingia mlangoni, akatazama jua la saa tisa alasiri linapiga ukuta gani na kivuli kinaangukia wapi. Ili kuonyesha hayo, mashine hukokotoa rangi ya kila nukta ya kioo, mara nyingi kwa kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na kadi ya picha. Na mchezo wa kompyuta unafanya nini? Unafanya yale yale: ukuta, mlango, mwanga, kivuli. Kadi inayokimbiza mpira katika gemu ndiyo hiyo hiyo inayosimamisha jengo la ghorofa katika mchoro. Mkiuondoa mchezo kwa kununua mashine isiyo na kadi ya maana, mmeiondoa na nyumba. Mtoto atabaki anangoja picha ijichore huku wenzake wamekwisha kabidhi kazi na kwenda kulala.

Jibu la pili ni la historia. Sisi walimu tulifundishwa kwamba kazi ndiyo baba na mchezo ni mtoto mtundu wa kufukuzwa jikoni. Katika kompyuta mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1969 huko Marekani, katika maabara za Bell, mtaalamu Ken Thompson alitafuta mashine ya kuchezea mchezo wake wa kusafiri baina ya sayari. Akapata kompyuta ndogo iliyokuwa haitumiki sana, akauhamishia mchezo humo, na katika kuizoea mashine hiyo akaanza kujenga mfumo uliokuja kuitwa Unix. Simu nyingi tunazotembea nazo leo zinaendeshwa na mifumo ya ukoo huo.

Kampuni ya Nvidia ilianzishwa mwaka 1993, na soko lililoikuza ni la watu wanaotaka magemu yenye picha nzuri. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto walitumia kadi zake mbili, kadi za magemu za kununuliwa dukani, kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha. Wakawashinda wenzao wote katika mashindano ya mwaka huo, na hii akili bandia inayotikisa dunia ikapata msukumo mkubwa kutoka hapo. Mmoja wao, Geoffrey Hinton, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024. Kadi za kuchezea, jamani!

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Basi vukeni mpaka pale Horohoro, mwende Nairobi. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake makuu katika jiji hilo, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na watengenezaji wa mchezo wa Minecraft, ambao mchezaji hujenga kwa matofali ya kubuni. Mahali pamoja pa mwanzo palikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Wakazi walikaa mbele ya kompyuta, wakaonyesha kwa mchezo ule uwanja wao waupendao uweje. Mtu asiyejua kusoma ramani ya mhandisi aliweza kusema, "Hapa weka ngazi, pale weka taa." Nawauliza: ule ulikuwa mchezo au kazi? Na binti anayetaka kuwa msanifu majengo, ni dhambi gani akijenga mji mzima jioni, akaona mabomba ya maji yanavyopungukiwa na barabara zinavyosongamana, kabla hajapewa mji wa kweli wenye watu wa kweli auharibu?

Jibu la tatu ni la kwetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine zile zilionekana kuwa anasa. Mimi nilikuwa kijana, na nakiri kwamba niliunga mkono. Televisheni nayo tuliiona pambo la mabwanyenye, hata Bara tukakaa bila kituo chochote mpaka mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo miaka ishirini kabla yetu. Sisemi viongozi wale walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba kitu kikishaitwa anasa, hakuna tena anayeuliza kinafundisha nini. Marufuku ya namna hiyo iliondolewa katika sheria zamani. Imebaki katika baraza zetu.

Na hapa niseme la barazani. Hawa walioikasirikia karatasi ya mtoto nawajua vizuri. Alasiri ikishaswaliwa, nawakuta pale kwenye kahawa na kashata wameinamia bao: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na kelele za watu mia. Hakuna anayewaambia wanapoteza wakati, wala mimi siwaambii, kwa sababu wanachokifanya pale ni hesabu. Anayecheza bao sawasawa hubeba kichwani mizunguko ya kete ambayo mwanafunzi wangu angehitaji karatasi mbili kuiandika. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya uwezo wa akili zao. Kwa hiyo mchezo wa mzee ni akili, na mchezo wa mjukuu ni upuuzi? Tena semeni kweli: mstari ule wa tatu angeuandika mvulana, mngecheka, mkasema, "Vijana hao!" Kilichowachoma ni kwamba aliyeuandika ni msichana.

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza siku ile. Miaka ya mwisho ya 80 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Usiku mmoja katika kukagua mabweni nilimkuta mwanachuo amechora drafti juu ya kipande cha ubao, anacheza na mwenzake kwa vizibo vya soda. Kesho yake asubuhi, mbele ya gwaride, nilikichoma kile kipande cha ubao. Nikatoa na hotuba. Nilisema taifa halijengwi kwa vizibo. Wanachuo walipiga makofi, kwa sababu mkuu wa chuo akihutubia hupigiwa makofi.

Miaka mingi baadaye nilipita shule moja ya msingi, njia ya Pangani. Nikamkuta yule kijana, sasa ana mvi, anafundisha darasa la tatu kuzidisha. Sakafuni palikuwa na miraba iliyochorwa kwa chokaa, na juu yake vizibo. Watoto walikuwa wanaruka kwa furaha kutafuta saba mara nane. Aliponiona akaja, akainama kidogo: "Shikamoo mkuu." Nikasema marahaba. Nilikuwa na neno la kumwambia na sikulisema. Nilimsifia darasa lake, nikaondoka. Karatasi ya mjukuu wangu iliposomwa barazani, ni gwaride lile nililoliona, na ule moshi.

Lakini nisije nikaonekana mzee aliyelewa ujana. Wapo vijana walioharibiwa na magemu. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa kushindwa kujizuia kucheza katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Asiyelala, asiyekula, asiyehudhuria masomo kwa sababu ya mchezo, huyo anahitaji msaada. Tena tusichanganye mambo mawili: gemu na kamari. Zile mashine za kutumbukiza sarafu na ule ubashiri wa mpira unaokula nauli za vijana wetu ni kamari, hata zikipambwa taa za namna gani. Gemu humuuza mtoto muda wake, naye anaweza kujifunza kuupima. Kamari humuuzia matumaini ya uongo. Anayezipiga vita zote mbili kwa fimbo moja hazishindi zote mbili.

Nilipokwisha kuamua, nilipanda basi Kange na mjukuu wangu tukaenda Dar es Salaam, kwa kuwa shauri la kompyuta ya mezani, ambalo nalo lilitolewa, halikuwa na maana kwa mtu anayeishi chumba cha kupanga na kugombania daladala. Umeme ukikatika, ya mezani inazima na kazi yako. Na ile mtumba kubwa ya shemeji, pamoja na chaja yake nzito kama tofali, ilikuwa inakaribia kilo nne. Mbebesheni binti kilo nne kila siku kwa miaka yake yote ya chuo, halafu mniambie mliokoa nini.

Wauzaji nao nina ugomvi nao. Katika duka la kwanza kijana alituambia kwa kiburi, "Mzee, hii ni Core i7." Mjukuu wangu akauliza, "Ya kizazi cha ngapi?" Kijana akatazama dari. Ilikuwa ya kizazi cha nne, ya miaka ya 2013 na 2014, ambayo leo hupitwa hata na i3 mpya. Jina kubwa lisikutishe, uliza mwaka. Duka la pili tukajifunza jingine: kadi mbili zenye jina moja si lazima ziwe na nguvu moja. RTX 4060 ya kompyuta mpakato huweza kupewa na mtengenezaji umeme kuanzia wati 35 hadi 115, na katika umbo jembamba aghalabu hupewa kidogo ili isiungue. Hapo ndipo penye bei halisi ya udogo. Ukitaka ndogo, utapunguza nguvu kidogo, au utavumilia joto na kelele za feni, na utalipa zaidi. Atakayekuambia utapata vyote kwa bei ya mtumba anakuuzia jina. Betri nayo ukicheza haikai. Mchezo mzito unataka waya ukutani.

Tulichukua ya inchi 14, ya kilo moja na nusu na ushei, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na kadi ya kiasi. Fedha ya machungwa ilikwisha, nikaongezea ya pensheni. Banda la uani bado halijaezekwa. Nilimpa masharti mawili tu. La kwanza, asiiweke juu ya godoro, maana matundu ya hewa yako chini, na joto la pwani yetu halina mzaha. Wala asiiache dirishani, chumvi ya bahari inakula chuma. La pili, akiona usiku unapita na hajui umepitaje, aniambie mimi kabla ya kuambiwa na matokeo ya mtihani. Akajibu, "Nawe babu, ukiniona nacheza, usinisemee kwa babu wadogo." Tukapeana mkono.

Wazee wenzangu, mtoto akiwaletea karatasi ya namna ile, msianze na mstari wa tatu. Muulizeni anakwenda kusoma nini, atabeba mashine umbali gani, atalala wapi na umeme wake ukoje. Mkishapata majibu hayo, huenda mkagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba mistari yote mitatu ilikuwa inaomba kitu kimoja. Ama mimi, bado ninalo deni moja njia ya Pangani. Mvua hizi zikipungua, nitapanda gari nikalilipe.