NANI ALIIKAUSHA BAHARI YA ARAL?

Katika maktaba yetu mna kitabu kimoja cha ramani, cha zamani sana, ambacho jalada lake limekwisha kushonwa kwa uzi mara mbili. Ukifungua ukurasa wa Asia utaona, mashariki ya Bahari ya Kaspi, doa kubwa la buluu. Hapo ndipo Bahari ya Aral. Ingawa yaitwa bahari, kwa kweli ni ziwa, tena lilikuwa ziwa kubwa. Mwaka 1960 eneo lake lilikuwa kilometa za mraba 68,000 hivi, yaani karibu sawasawa na Ziwa Viktoria letu, na katika maziwa yote ya dunia lilikuwa la nne. Leo karibu sehemu tisa katika kumi za ziwa hilo zimekauka, na mahali pa maji pamekuwa jangwa jipya, ambalo watu wamelipa jina la Aralkum.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alituuliza katika jaribio: "Eleza sababu ya kukauka kwa Bahari ya Aral." Nami kwa haraka niliandika kwamba nchi ile ni ya jangwa, jua lake ni kali na mvua ni haba. Nikapewa sifuri. Nilikasirika sana, maana kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Lakini baada ya kuzisoma habari hizi kwa muda wa miezi miwili, naona sifuri ile niliistahili. Naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wenzangu kwa nini, maana jambo hili latuhusu hata sisi tulio mbali.

Asia ya Kati ni nchi iliyo mbali na bahari kuu zote. Ndani yake mna dola tano: Kazakistani, Uzbekistani, Turkmenistani, Kirgizistani na Tajikistani. Kandokando ya Aral mvua ya mwaka mzima ni kama milimeta 100 tu. Lakini watu wa huko hawakuachwa bila maji. Upande wa mashariki imesimama milima ya Pamir na Tian Shan, yenye theluji na barafu nyingi, na huko hutoka mito miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya. Mito hiyo ilikata jangwa na kuingia katika Aral. Ziwa lenyewe halina mlango wa kutolea maji. Mito ilileta, jua likachukua, na kwa muda mrefu kabla ya mwaka 1960 mambo hayo mawili yalikaribia kulingana. Basi jua lilikuwapo siku zote. Kama jua ndilo lenye kosa, kwa nini lilingoja hata mwaka 1960?

Jibu ni kwamba mito ilikatwa njiani. Siku hizo nchi zote tano zilikuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, na wakuu wa Moscow walitaka wapate pamba yao wenyewe bila kuinunua nje. Pamba hupenda jua, nayo hunywa maji mengi. Mwaka 1954 wakaanza kuchimba mfereji wa Karakum, ambao baadaye ulipita urefu wa kilometa 1,300, ili kuyachukua maji ya Amu Darya na kuyapeleka Turkmenistani. Ulichimbwa katika mchanga mtupu, wala haukusakafiwa, hata maji mengi yakapotelea ardhini kabla ya kufika mashambani. Mifereji mingine mingi ikafuata. Katika miaka ya 1980 ilitukia miaka mingine Amu Darya haikufika ziwani kabisa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: wataalamu walijua. Walikuwa wamekwisha kupiga hesabu kwamba ziwa litapungua, nao wakaona hasara hiyo si kitu, kwa kuwa pamba itakayopatikana ina thamani kuliko samaki watakaopotea. Basi Aral haikuuawa na jua, wala haikuuawa na ujinga. Iliuawa na hesabu. Na kosa la hesabu hiyo ni kwamba watu wa pwani hawakutiwa ndani yake.

Tazameni yaliyowapata. Karibu na mwaka 1960 wavuvi wa Aral walikuwa wakivua zaidi ya tani 40,000 za samaki kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ulikuwa umekwisha, maana maji yalizidi chumvi hata samaki wakafa. Mji wa Moynaq, katika Uzbekistani, ulikuwa bandari yenye kiwanda cha kutia samaki katika mikebe. Ziwa lilipoondoka, kiwanda kililetewa samaki kwa gari-moshi kutoka bahari za mbali ili watu wasikose kazi! Leo meli za Moynaq zimelala juu ya mchanga zikiliwa na kutu, na maji yako mbali sana. Upepo ukivuma huinua vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa zilizonyunyizwa katika pamba, na vumbi hilo huingia katika mashamba na katika vifua vya watoto. Hata hali ya hewa imebadilika: joto limezidi wakati wa joto, na baridi imezidi wakati wa baridi, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakipunguza ukali huo hayapo tena. Mwaka 2014 upande wa mashariki wa ziwa la kusini ulikauka wote.

Hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe. Baba yangu ni mvuvi, na ada yangu ya shule, tangu kidato cha kwanza hata leo, imetoka katika wavu wake. Kwa hiyo niliposoma habari za Moynaq sikuweza kuzisoma kama habari za mtihani. Nilijiuliza ni vijana wangapi wa mji ule waliorudi nyumbani kwa sababu ziwa liliwakimbia baba zao.

Wako watakaosema kwamba pamba ile iliwapa watu wengi kazi. Hiyo ni kweli, nami sikatai. Wala kumwagilia mashamba si dhambi: watu wa Asia ya Kati wamefanya hivyo kwa maelfu ya miaka na ziwa lao likaishi. Kosa ni kuchukua bila kipimo.

Wengine watasema Ziwa Viktoria haliwezi kukauka namna hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Hiyo nayo ni kweli. Lakini kati ya mwaka 2004 na 2006 ziwa letu lilishuka sana. Ukame ulikuwa sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba kule Jinja maji yalifunguliwa kupita kiasi kilichokubaliwa, ili kupata umeme. Mimi nilikuwa mtoto mchanga au sijazaliwa, lakini baba husimulia jinsi walivyoburuta mitumbwi juu ya matope kuyafuata maji. Hakuna aliyekuja kuwaeleza sababu. Basi tusijidai kuwa hesabu za namna ile hufanywa na Warusi peke yao.

Je, lililoharibika laweza kutengenezwa? Kidogo. Mwaka 2005 serikali ya Kazakistani, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilimaliza kujenga ukuta wa Kok-Aral, wenye urefu wa kilometa 13 hivi, ili kuyazuia maji ya Syr Darya yasipotee kusini. Ziwa dogo la kaskazini likajaa upesi, chumvi ikapungua, samaki wakarudi, na wavuvi nao wakarudi. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini sehemu kubwa ya kusini haikupona. Huko watu wanapanda vichaka vya saksauli ili kuushika mchanga, basi.

Na ugomvi wa maji haujaisha. Zamani Kirgizistani na Tajikistani, zilizo juu milimani, zilifungulia maji wakati wa joto kwa ajili ya mashamba ya chini, nazo zikaletewa makaa na gesi wakati wa baridi. Dola zote zilipopata uhuru mwaka 1991 mpango huo ulivunjika. Sasa walio juu wataka kuyaweka maji kwa umeme wa wakati wa baridi, na walio chini wayataka wakati wa joto. Tena mwaka 2022 Afganistani ilianza kuchimba mfereji wake, Qosh Tepa, wenye urefu wa kilometa 285, kutoka Amu Darya. Nani atawalaumu Waafgani? Mto huo wapita mpakani mwao, nao wana njaa. Kila mmoja ana haki yake, na ndiyo maana hawana budi kukaa pamoja na kuyagawa maji kwa kipimo. Sisi wa Uganda tulikumbuke hilo, kwa kuwa katika Mto Nili sisi tuko juu, na wako wengi walio chini yetu.

Sasa niseme la hapa nyumbani. Chama chetu cha Wakulima kimeazimia kukausha kinamasi cha mafunjo kilicho chini ya uwanja wa mpira, ili tupande kabichi. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono kukubali. Hatukuwauliza wanakijiji walio bondeni, ambao chemchemi yao iko mwisho wa kinamasi hicho. Tulihesabu kabichi, hatukuhesabu ndoo zao. Naomba jambo hili lirudishwe mkutanoni, na safari hii wazee wa kijiji waitwe wakae nasi. Huenda wakakubali tulime sehemu moja na kuiacha nyingine. Wakikataa, tutafute mahali pengine.

Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu mmo katika ofisi zipangazo barabara, umeme na mashamba. Siwaombi msijenge. Nchi yetu yahitaji vitu hivyo vyote. Nawaomba kila mwekewapo mpango mezani muulize: ni nani anayekaa mwisho wa maji haya, naye ameulizwa? Wataalamu wa Aral walikuwa na elimu kubwa kuliko yangu. Swali hilo hawakuliuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita