GARI NA DEREVA: Taa ya Breki Isiyozimika

Dereva wa Land Rover au Toyota Land Cruiser ya zamani huweza kuizoea taa nyekundu ya breki inayowaka kutwa nzima, hata akaacha kuiona. Wengine huchomoa balbu. Hiyo ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kuwa amepiga kelele usiku. Siku ya hatari ya kweli itakapofika, labda mkiteremka milima ya Kabale na watoto wakiwa nyuma, hakutakuwa na wa kuwaonya.

Taa hii ni moja, lakini hutumwa na wengi. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, kisha uchunguze kwa utaratibu huu:

Kwanza, hendibreki. Ishushe kabisa. Swichi yake ndogo huingia vumbi na matope ikanasa. Chomoa waya wake. Taa ikizimika, umempata mkosaji.

Pili, kopo la mafuta ya breki. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakipungua, usijaze tu na kuondoka. Pedi na viatu vya breki vikilika, mafuta hushuka polepole. Lakini yakishuka kila wiki, yanavuja. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu na nyuma ya masta silinda. Ukikuta majimaji, gari lisiende safari. Mafuta yakiwa sawa na taa bado inawaka, chomoa waya wa kopo. Ikizimika, boya limezama au swichi yake imeharibika.

Tatu, kwenye baadhi ya magari ya dizeli, taa hulinda pia vakyumu inayousaidia mguu kukanyaga breki. Pampu yake mara nyingi hufungwa nyuma ya alteneta. Kwa hiyo taa ya betri na ya breki zikiwaka pamoja, simama utazame mkanda wa alteneta. Ukikatika, betri haichajiwi, na pedali itakuwa ngumu kama jiwe.

Nne, ikiwa yote ni salama, tafuta waya uliochubuka unaogusa bodi. Ukimaliza, rudisha kila waya mahali pake.

Neno juu ya mafuta. Tumia yale tu yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, kwa maana hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwa digrii 205 au zaidi, lakini iliyoingia maji huweza kuchemka kwa digrii 140. Yakichemka mteremkoni hugeuka mvuke, na pedali huzama mpaka chini. Usitie kamwe mafuta ya injini. Huvimbisha mipira yote ya breki.

Kumbuka pia kwamba taa haijui kila kitu. Pedali ikiwa laini kama sifongo, ikizama, au gari likivutwa upande mmoja, mwone fundi hata kama taa imezimika. Na kila asubuhi, ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, hakikisha taa hiyo inawaka, kisha inazimika ukiwasha injini na kushusha hendibreki. Isipowaka kabisa, badilisha balbu siku hiyo hiyo. Tahadhari kabla ya hatari.